Uzinduzi wa Kitengo cha Neva za Macho za Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe; Mwenyekiti wa Bodi, ambaye kwa bahati njema zaidi ni shemeji yangu; Daktari Bingwa wa watoto wetu; wauguzi mliosimama kwa kuwa viti vimewatosha viongozi tu; nanyi wazazi mlioacha shughuli zenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo tunazindua Kitengo cha Upasuaji wa Tundu Dogo kwa Watoto Wenye Neva za Macho Zilizobanwa. Zamani, uvimbe ukiota nyuma ya macho na kuikaba ile neva inayopeleka picha kwenye ubongo, mtoto alifunguliwa fuvu. Lakini sasa, kwa teknolojia ya kisasa, kamera nyembamba kama mrija wa soda itapita puani, uvimbe utamegwa taratibu, na neva itapumua. Kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika na kuipitisha mwenyewe, utekelezaji umefikia asilimia tisini na nne nukta sita, na kilichobaki ni changamoto ndogo ndogo za kimfumo. (Vigelegele kutoka safu ya mbele.)

Nitoe mfano hai. Yupo hapa binti wa miaka saba, mtoto wa fundi cherehani. Alianza kwa kukosea ngazi, kisha mwalimu akamwita mvivu kwa kuwa alinakili nusu ya ubao tu. Siku moja mama yake alimpa sindano atunge uzi, kazi anayoiweza tangu akiwa na miaka mitano. Akajichoma kidole mara tatu, akaiweka chini. Daktari Bingwa alimweleza mama kwamba kila wiki inayopita inaondoka na nuru isiyorudi. Mama huyo amekuja ofisini kwangu mara kumi na moja, nami, kwa moyo wangu wa ulezi, nikampa mwanawe heshima ya kukata utepe. Mlimwona akipapasa hewa kwa mkasi, mkacheka. Huo ndio ushirikishwaji wa wadau. (Mtu anakohoa.)

Mama, naona umenyoosha mkono. Sema, ila kwa ufupi.

"Mheshimiwa, sikuja kupiga makofi. Mwanangu anaingia chumba cha upasuaji saa ngapi?"

Swali zuri, limepokelewa, na litaundiwa kamati. (Minong'ono.) Naona Daktari Bingwa anashuka jukwaani bila ruhusa, amemshika binti mkono, na mama anawafuata. Katibu ananinong'oneza kwamba hospitali ya mji wa pili ina kamera hiyo, kwamba imekubali kumpokea mtoto leo hii, na kwamba gari litakalowapeleka ni la daktari mwenyewe. Huo ni utovu wa nidhamu uliofanywa kwa haraka ya kupendeza. Tafadhali msiwafuate, sherehe ipo hapa. (Viti vinakwaruza sakafu. Wauguzi wanatoka.)

Neva huru! (Shemeji peke yake: "Huru!") Mtoto aone! (Shemeji anatazama saa.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru sana fundi rangi, aliyeuchora mlango huu wa kitengo ukutani kwa siku mbili tu, pamoja na kitasa chake kinachong'aa. Wapiga picha, nawaombeni msiuegemee; rangi bado mbichi.