Bwana Harusi wa Sentimita Thelathini

Jumatatu, 6 Mei 2024

Naanza daftari hili ili ukweli uandikwe na mtu aliyeuona. Divine, binti wa jirani yangu Venant, anaolewa tarehe 18. Gari lake litabeba mwanasesere juu ya kapo, pale juu ya injini, aliyevaa sawasawa na bibi harusi mwenyewe. Mji mzima utamwona. Na nani ameshonea wanasesere nguo hapa Rugenge, mjini Uvira, miaka sita mfululizo? Mimi, Térence.

Nani ameitwa? Mimi na Mama Geneviève. Wawili! Divine anasema kila mmoja amvalishe wake, ampige picha nje, kwenye jua, siyo juu ya kabati. Atachagua Ijumaa.

Hesabu iko hivi. Mama Geneviève: wanasesere kumi na mmoja, cherehani mbili, alifundishwa na masista. Mimi: wanasesere wawili, Madamu na Direkta, niliowatoa kwenye furushi la mitumba. Kushona nilijifundisha kwa kuziba magunia ya mchele. Hakuna aliyenishika mkono. Hata duka langu la misumari na kufuli nililijenga peke yangu, na hakuna aliyepiga makofi.

Ila ninacho kitu ambacho masista hawakumpa. Kugawanya! Mwanasesere ana sentimita 30, mtu ana 180. Kwa hiyo kila kitu cha dunia hii, gawanya kwa sita. Kifungo, mfuko, kisigino. Gawanya kwa sita, huwezi kukosea.

Josée, mke wangu, ameuliza kama akili nayo niliigawanya. Nataka kitu kimoja tu: jina langu lionekane kwenye gari lile.

Jumatano, 8 Mei

Gauni la Madamu limekwisha. Satini, vifungo tisa mgongoni, viatu vya mpira wa ndani wa baiskeli uliopakwa chokaa. Shela nimeikata kwenye chandarua chetu. Nyeupe, nyepesi, na ilikuwa nyumbani tayari. Josée ameliona tundu, upande wake wa kitanda. Nikamweleza kwamba ni sentimita 20 kwa 20 tu. Akasema ati mbu hawana rula.

Nimekwenda ziwani kupiga picha. Mahali pangu pa zamani hapapo tena, ziwa limepanda na kumeza mchanga wote. Nikamsimamisha Madamu juu ya jiwe. Wimbi la kwanza lilifika kwenye viatu. La pili likaondoka naye. Wavuvi wa ndagala walimwopoa, wakaniuliza kwa heshima kubwa kama marehemu alikuwa na watoto. Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Picha nimepata. Moja.

Alhamisi, 9 Mei

Upelelezi. Nimesimama nyuma ya ukuta wa Mama Geneviève, nikijifanya napima mahali pa kupigilia msumari.

Lazima niandike nilichokiona, hata kama kinaniuma. Mama yule ana miaka sitini na moja. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi, na kitenge chake cha kanisani, simu mkononi. Mwanasesere wake amesimama kwenye tuta la lengalenga. Tuta la mboga! Lakini kutoka pale chini, mashina mekundu yalikuwa msitu, na bibi harusi anatoka msituni. Kioo kilichovunjika kilirusha jua kwenye uso wake. Maji alinyunyiza kwa vidole, tone moja moja, ili majani yawe na umande saa nane mchana.

Na shela! Kipande cha soksi ndefu ya kike. Ilimshukia mabegani kama moshi wa chai.

Dakika 47 kwa picha moja. Nilizihesabu zote. Nilisahau kuwa nampeleleza, nikajikuta nasema taratibu, weye mama! Akasikia. Akaniambia kutoka pale chini, bila kugeuka, ati Papa Térence, kama msumari hauingii, njoo unishikie kioo.

Nilishika kioo. Dakika 12 kati ya zile 47 ni zangu.

Ijumaa, 10 Mei

Divine amechagua. Aliziweka picha zote mbili kwenye grupu ya WhatsApp ya harusi, watu 143. Kuhusu yangu, aliandika kwa upole kwamba gauni ni zuri. Shangazi yake hakuwa na upole. Aliuliza huyu bibi harusi amevuliwa wapi, mbona iko mu wavu wa ndagala.

Nimepima. Tundu la chandarua lina milimita mbili. Kwa mtu mdogo kama Madamu ni kama milimita kumi na mbili. Niligawanya kila kitu isipokuwa matundu. Nani angefikiria matundu?

Picha ya Mama Geneviève nimeitazama mara nyingi. Siyo kwa kupenda. Natafuta makosa. Sijapata.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada, Mama Geneviève amekuja dukani. Hakuja kununua kitu. Alikaa juu ya debe la misumari, akavua viatu, akasema shida yake. Divine sasa anataka na bwana harusi juu ya kapo. Yeye ana wanasesere wanawake kumi na mmoja na hana mwanamume hata mmoja. Tena suruali hajui, masista hawakuwafundisha suruali. Akasema ati Uvira nzima anamjua muntu mmoja tu anayeweza kukata suruali ya urefu ule.

Nilijifanya natafuta kufuli. Ndiyo, nilikuwa na kitu jichoni.

Nikakubali, Direkta wangu awe bwana harusi, kwa sharti kwamba koti ni mambo yangu, asiliguse.

Jumatano, 15 Mei

Suti imekwisha. Kitambaa kimetoka kwenye suruali yangu ya harusi, ambayo hainiingii tangu 2009. Mifuko minne, yote inafunguka. Vitanzi vya mkanda saba. Mkunjo wa suruali unaweza kukata kidole.

Sasa mpango. Watu watamwangalia bibi harusi kwanza, hilo najua. Kwa hiyo Direkta nimemshonea koti la mkia. Mkia mrefu, unapita magoti, unapita viatu, unalala juu ya kapo. Juu yake nimedarizi kwa uzi wa dhahabu: TÉRENCE, RUGENGE. Na namba ya simu, tarakimu kumi.

Chini ya viatu nimemgandisha sumaku ya mlango wa kabati. Chap, anashika kwenye bati! Hakuna kumfunga. Tukisimama njiani namnyanyua, nampiga picha pembeni, namrudisha.

Josée ameuliza habari ya upepo. Nimempigia hesabu mbele yake. Gari litakwenda 60 kwa saa. Gawanya kwa sita. Kwa Direkta ni upepo wa 10, upepo wa mtu anayepepea mkaa. Tumejaribu kwa mfuniko wa sufuria, Josée akipepea. Direkta hakutikisika. Josée alikuwa na hasira ya chandarua, kwa hiyo nadhani ilikuwa 14.

Ijumaa, 17 Mei

Mama Geneviève amekuja kuona. Aliivua suruali ya Direkta, akaigeuza ndani nje, akaishika karibu na dirisha. Mimi nilipanga misumari iliyokuwa imekwisha kupangwa. Mwishowe akauliza nilijifunza wapi mshono unaolala hivi. Nikasema, magunia. Akasema basi masista wangeanza na magunia.

Ninaandika maneno hayo kama alivyoyasema, ili yasipotee.

Halafu akauona mkia. Alisoma jina, akasoma namba ya simu, akasema hii si koti, hii ni tanga la mtumbwi. Akatoa uzi wa kuvulia, akaniomba amfunge Direkta kama alivyomfunga bibi harusi: kiunoni, magotini, miguuni. Nikamkatalia. Nikampa hesabu ya 60 na 10. Akaniambia ati Papa, upepo haukusoma. Nikamwambia mimi pia sikusoma, na niko na duka.

Jumapili, 19 Mei

Nimerudi kutoka Bwegera. Naandika polepole.

Jana mjini kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Pitchou, dereva, alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Watu walitoka kwenye milango. Mama mmoja alisoma jina langu kwa sauti! Kanisani nilimnyanyua Direkta mara tatu, nikampiga picha, chap, akarudi mahali pake.

Baada ya ndoa, msafara ukaelekea Bwegera, kwao Hirwa, bwana harusi, ambako mama yake Mukarusanga alikuwa anangoja na ukoo wote. Mimi nilikuwa gari la pili. Nilikuwa nautazama mkia. Ulikuwa umenyanyuka kidogo, na jina langu linasomeka vizuri sana, nikafurahi. Tulipokaribia Luberizi barabara ikanyooka. Pitchou akaongeza mwendo. Mkia ukajaa.

Direkta alipaa. Sina neno lingine. Alipita juu ya kioo cha Pitchou, juu ya kioo chetu, uso kwa uso nami, mikono wazi, akaenda upande wa mashamba ya mpunga. Nilipiga kelele wasimame. Dereva wetu alidhani nashangilia, akapiga honi. Magari yote yakapiga honi.

Tukafika Bwegera, bibi harusi peke yake juu ya kapo. Mama Mukarusanga alizunguka gari mara mbili. Akauliza, mbele ya watu kama mia mbili, mtoto wangu iko wapi? Wazee wakaanza kunong'onezana, kwamba bwana harusi ametoroka njiani, hii ni alama gani? Hirwa wa kweli alikuwa amesimama pale, mzima, na hakuna aliyemtazama. Divine akaanza kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya gari la tatu.

Mama Geneviève alishuka. Akarekebisha kitenge. Akamwambia Mama Mukarusanga, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, ati msiogope, mama, mtoto wenu amebaki Luberizi anahesabu ng'ombe wa mahari mliosema mtatuletea. Amehesabu mara mbili na haoni wa nane.

Baba mdogo wa Hirwa akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Akainua mkono, akasema kijana asiendelee kuteseka na hesabu, anatoa mtamba mmoja juu ya wale saba, watu wote mashahidi. Vigelegele! Divine akacheka na machozi yake. Venant alinikumbatia, sijui kwa nini mimi.

Mama yule alihitaji sentensi mbili. Mimi nilikuwa na siku kumi na mbili.

Kwa haki, mtamba ametokana na kuruka kwa Direkta. Sehemu moja ya sita ni yangu. Sijamwambia Venant bado.

Jumatatu, 20 Mei

Jana wakati wa kurudi, asubuhi, Mama Geneviève alisimamisha gari Luberizi. Tulimtafuta Direkta kwenye matuta, mimi upande huu, yeye ule. Yeye ndiye aliyemwona. Nilisikia akiita, nikakimbia, nikanyoosha mkono nimwokote. Akanipiga kofi mkononi. Ati acha!

Direkta alikuwa amesimama. Sumaku ilikuwa imemzamisha miguu matopeni, wima, mpunga ukimfika kifuani. Mkia wa koti umetandazwa nyuma yake juu ya mimea. Mbele yake ndege sita, yangeyange weupe, kama wageni waliochelewa.

Mama Geneviève alivua viatu vya harusi, akaingia kwenye tope mpaka magotini, akapiga magoti humo humo. Akangoja jua litoke kwenye wingu. Dakika 21. Miaka 61, na hakulalamika hata neno moja. Nami, bila kuambiwa, nilitoa kile kioo chake mkobani mwake, nikakishika.

Leo picha iko kwenye simu za watu wote. Ukiitazama huwezi kujua kama ni mwanasesere. Unaona bwana aliyetoka kwenye harusi yake kwenda kutazama shamba lake kidogo, kabla ya kumrudia mkewe. Mkunjo wa suruali unaonekana! Mioyo 612 mpaka saa sita mchana. Chini yake ameandika: Bwana harusi anahesabu. Suti ni ya Papa Térence wa Rugenge, hakuna mwingine.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Naandika hivyo na naweka sahihi.

Lakini jina langu liko mstari wa pili.

Jumanne, 21 Mei

Mama Geneviève amekuja na pendekezo. Chérie, rafiki wa Divine, anaolewa Juni, anataka wanasesere wawili. Tufanye pamoja: mimi nikate suruali, yeye apige picha, majina yote mawili mstari mmoja. Masharti mawili tu, mkia usiwepo, na uzi wa kuvulia uwepo. Nimempa mkono. Mtu kama yule huwezi kumkatalia.

Alipoondoka nikarudia hesabu. Kosa nimeliona! Ni kama yale matundu ya chandarua. Upepo haugawanywi kwa sita, unazidishwa. 60 mara sita ni 360. Kwa upepo wa 360 uzi wa kuvulia ni mchezo wa watoto. Zinahitajika sumaku sita. Na sumaku sita zinaweza kubeba mikia miwili, jina kwenye mmoja, namba ya simu kwenye mwingine. Nimeshakata kitambaa. Nitamwonyesha siku ya harusi, afurahi.

Upepo peke yake ndio unazidishwa. Vingine vyote, gawanya.

Josée amegeuza chandarua. Tundu sasa liko upande wangu. Sentimita 20, gawanya kwa sita, ni tatu na kitu. Mbu gani atapita hapo?