Majirani wa Kukodi

Bahati ilimkuta Odvar Lunde mahali ilipozoea kumkuta, yaani kwenye meza ya mtu mwingine. Alikuwa amekaa katika duka la mikate la Krosshamn, mji mdogo wa pwani, akinywa kahawa ya pili, ile isiyolipiwa, huku sikio moja amelitega upande wa dirishani. Huko daktari wa meno kutoka Oslo, Preben Falk, alikuwa akimlalamikia mkewe.

Kosa lilikuwa la halmashauri. Mji ulikuwa unakua, kiwanda cha mashua kinaajiri, nyumba ya wazee inaajiri, lakini waliokuja kufanya kazi hawakuwa na pa kulala. Zile nyumba nyeupe nzuri za karibu na maji zilikwisha nunuliwa na watu wa Oslo, wanaozifungua wiki chache za kiangazi na Pasaka, kisha wanazifunga. Basi halmashauri ikapitisha kwamba kila nyumba ya mjini ikaliwe mwaka mzima, na mwenyewe au na mpangaji. Mkaguzi angepita Februari, na nyumba atakayoikuta haina mtu, mwenyewe ataamriwa aiuze.

"Nihamie huku, meno ya watu nimwachie nani?" daktari alisema.

"Si upangishe," mkewe akamjibu.

"Mtu mwingine aoge kwenye bafu langu?"

Odvar akachukua kikombe chake, akahamia meza yao bila kuitwa. Tuseme haki: mdomo wa Odvar ulikuwa na asali. Kiangazi kilichopita aliwauzia Wajerumani tiketi za kwenda kumtazama mnyama mkubwa wa msituni, ambaye kwa bahati mbaya kila walipofika alikuwa mgonjwa.

"Daktari," alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, "halmashauri haitaki watu. Inataka dalili za watu. Na dalili mimi ninazo."

Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, Odvar alikuwa na nyumba sita za mtaa mmoja, na funguo zake zinamlia kiunoni kama za askari jela. Biashara yake aliipanga vizuri, kwa madaraja matatu ya uhai. Uhai wa kawaida ulikuwa taa zinazojiwasha na kujizima, na pazia lililofunguliwa nusu. Uhai wa familia uliongeza baiskeli ya mtoto na viatu vyenye tope mlangoni. Aliyetaka uhai kamili alifungiwa na spika ndani, ambamo mume na mke waligombana kila jioni kwa sababu shemeji kaazima tela na hajalirudisha. Sauti zote mbili zilikuwa za Odvar mwenyewe. Daktari Preben alichukua uhai kamili, maana hakuwa mtu wa kununua vitu nusunusu.

Kitu kimoja tu Odvar hakukitilia maanani, nacho ni nyumba ya saba, ng'ambo ya njia, nyumba ya Bi Alfhild.

Bi Alfhild alikuwa mjane, na kwa miaka mingi dirisha lake ndilo pekee lililowaka mtaani majira yote ya baridi. Kila jioni, akishasoma Biblia, alimwomba Mungu ampe majirani. Hakusema wawe wema, alisema wawe majirani tu. Taa zilipowaka ng'ambo alilia kwa shukrani, akaoka maandazi ya iliki, akavuka njia. Alipobisha kwa Preben akasikia watu wanagombana, akaona asiwatie aibu, akayaacha maandazi kizingitini. Kesho yake yalikuwa palepale, na shemeji bado hajarudisha tela.

Odvar alipokuja kubadilisha balbu alimkuta bibi amekaa kwenye ngazi, kajifunika blanketi, na chupa ya kahawa magotini.

"Kaa hapa, mwanangu," alimwambia. "Mume atakohoa sasa hivi."

Ndani, mume akakohoa.

"Sasa mke atamwambia, hata mama yako alikuonya."

"Hata mama yako alikuonya," mke akasema.

Odvar akaketi kando yake. "Ni watu wa ratiba sana hawa, Bi Alfhild. Kila jambo kwa wakati wake."

"Nimeomba majirani, nimeletewa spika," bibi alisema, akammiminia kahawa.

Odvar akamwaga asali yote aliyokuwa nayo. Akaahidi kumpa fungu lake, akaahidi kumpelekea kuni, akaahidi kumwondolea theluji mlangoni mpaka siku ya kiama. Bi Alfhild alisema fungu hataki, kuni anazo, na kwa mkaguzi hataenda, maana hajaulizwa. Kilichomshangaza ni kwamba mtu mwerevu namna ile amesahau mapipa.

"Mapipa gani?"

"Ya taka. Kila Jumanne gari linapita. Nyumba sita, mapipa sita, yote matupu. Watu gani hawa wasiokula? Na gari lile ni la halmashauri, mwanangu."

Odvar aliiacha kahawa nusu, akaenda kuyatazama mapipa. Tangu siku hiyo mtu aliyekuwa akiuza uhai akawa mtafutaji taka. Aliokota maganda ya viazi nyuma ya hoteli, akatenga karatasi na plastiki kama mji ulivyotaka, akajaza mapipa sita kwa mikono yake. Bi Alfhild akatazama, akasema taka hizi ni za hoteli, hata paka angejua. Nyumba yenye familia hutoa nepi. Kama anazihitaji, aende kwa mjukuu wake Maiken.

Maiken alikuwa mhudumu wa nyumba ya wazee, akiishi na mwanawe mchanga katika chumba cha chini ya ardhi, upande wa pili wa mji. Mwenye chumba alikuwa amempa notisi atoke kabla ya Krismasi, apate kukitengeneza kwa wageni wa kiangazi. Chumba kingine hakikuwepo mji mzima. Asipopata, angehamia kaskazini, ambako walimwahidi kazi na nyumba pamoja, na Bi Alfhild angebaki na balbu. Haya Maiken alimweleza Odvar huku anamfungia nepi kwenye mfuko, na Odvar akamwonea huruma ya dhati mpaka alipofika kwenye kona.

Ikawa desturi. Odvar Lunde, na koti lake la sufu, anapanda kilima cha theluji na mfuko wa nepi kila mkono. Siku moja alisimama kwa Bi Alfhild kuvuta pumzi.

"Unajichosha bure," bibi alisema, akifuma soksi. "Mtoto mwenyewe ni mwepesi kuliko nepi zake."

Hakuongeza neno. Odvar akaondoka na maneno hayo hadi darajani, na alipofika darajani yalikuwa wazo lake mwenyewe. Kwa nini abebe dalili za watu, wakati watu wanajibeba? Mwenye nyumba analipa ionekane ina mtu, na mtu analipa kwa kukaa ndani. Mifuko miwili, suruali moja! Alicheka peke yake mpaka mvuvi mmoja akamwuliza kama yuko salama.

Wiki moja kabla ya Krismasi Maiken akahamia kwa Preben. Spika ikazimwa, na shemeji akasahauliwa na tela lake. Nyumba nyingine wakaingia mafundi wa mashua kutoka Poland na wake zao, mwalimu wa shule na wauguzi. Wote Odvar aliwaambia watoke Jumapili ya Matawi, kwa kuwa Pasaka wenyewe wanakuja. Hata nyumba ndogo ya mwisho katika zile sita, alimokuwa akilala mwenyewe kinyemela, aliipangisha, akahamia kwenye gari lake nyuma ya kiwanda. Miguu ilimganda, lakini moyo ulikuwa wa moto.

Februari mkaguzi akaja, Asgaut Moen, mtu mrefu mwenye tone puani. Odvar alimtangulia nyumba hadi nyumba kama bwana harusi. Supu zilikuwa jikoni, watoto sakafuni, mapipa yamejaa. Mwisho walifika kwa Preben. Maiken alisimama mlangoni na mtoto kiunoni, na Bi Alfhild alikuwepo na sahani ya maandazi.

"Yote safi," Asgaut alisema. "Nimebaki na swali moja, bwana Odvar, kwa kuwa wewe ndiye wakala wa wenye nyumba. Hawa watu wa nyumba hizi ni wageni au wapangaji?"

Odvar akauliza kwani kuna tofauti.

"Kubwa. Wakiwa wageni, nyumba haina mkazi, naandika iuzwe. Wakiwa wapangaji, ni miaka mitatu kwa sheria, hawaondoshwi kabla yake bila sababu."

Kwa mara ya kwanza maishani asali ikamkauka. Aliona ofisi za Oslo, mawakili, nyumba sita zinauzwa na wenyewe sita wanamtafuta. Akamtazama Bi Alfhild. Bibi alikuwa anamfuta mtoto punje ya iliki kidevuni.

"Wapangaji," alinong'ona.

"Sema kwa sauti, mwanangu," bibi akamwambia. "Mkaguzi anaandika."

Kisha akauliza, kama mtu asiyejua mambo, kama basi si vizuri kodi iende moja kwa moja kwa wenye nyumba. Asgaut akasema ndivyo inavyopasa, na akawapa wapangaji namna ya kufanya. Hivyo mfuko mmoja wa suruali ya Odvar ukashonwa siku ileile.

Wa pili ulishonwa Pasaka. Preben alifika na familia, na ski za kutelezea theluji juu ya gari, na machungwa ya kula mlimani kama ilivyo desturi ya Pasaka, akakuta nguo za mtoto zinakauka kwenye varanda yake na msichana asiyemjua akimuuliza amsaidie nini. Odvar alisakwa mpaka akapatikana garini. Daktari alisema mengi, lakini ya maana yalikuwa machache. Kwenda kushtaki hawezi, maana itambidi aeleze alivyonunua ugomvi wa spika. Malipo ya uhai yamekoma leo. Na Odvar asithubutu kutoka Krosshamn: ndiye wakala aliyeandikwa, na siku atakayotoweka, wote sita wataenda polisi, liwalo na liwe.

Gari daktari akalichukua kufidia. Odvar akazunguka mji kutafuta chumba, na mvua ya theluji inamwingia kolani. Hakikuwepo. Vilivyokuwepo vilikuwa vya wageni wa kiangazi, kwa bei ya wageni wa kiangazi. Akaingia mtaa ule wa nyumba saba, madirisha yote yanawaka, na kila pazia watu nyuma yake. Akabisha kwa Bi Alfhild.

Alimweleza kwamba chumba chake cha darini hakina mtu, na kwamba yeye ni mtu mtulivu.

"Unakuja kama mgeni au mpangaji?" bibi aliuliza.

Odvar akafikiri haraka. "Mgeni."

"Karibu sana. Wageni nawapa kahawa, kisha wanaenda kwao."

Theluji ilimdondoka Odvar kutoka kwenye nyusi.

"Mpangaji," akasema.

"Chumba cha darini, ndani ya nyumba ya mwenyewe, kwa sheria ni mwaka mmoja. Lakini wewe nakupa mitatu." Akamfungulia mlango, akamwonyesha pa kuacha viatu. "Na kodi usiwe na hofu nayo. Halmashauri inatafuta mtu wa gari la taka. Nimekwisha wapa jina lako, nikawaambia una uzoefu."