Miche ya Kukodi

Mkurugenzi alikuwa chini ya wembe pale redio ya kinyozi iliposema kwamba nchi moja tajiri imetenga fedha nyingi za kuzisaidia nchi maskini kukabili mabadiliko ya tabianchi: ukame, mafuriko, upandaji miti na mambo kama hayo.

"Hizo hela zitafika huku kweli?" kinyozi aliuliza.

Mkurugenzi aliushika mkono wenye wembe, akausogeza pembeni kwa heshima zote. "Zimeshafika, kaka. Zinamtafuta mwenyeji tu."

Alikuwa mkurugenzi wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza. Mtu anayetembea na bahasha kwapani haulizwi.

Nyuma ya soko kulikuwa na mteremko mtupu, kipara kama kichwa cha Mkurugenzi kinyozi alipomaliza kumnyoa. Kila mvua ikinyesha, tope la pale lilishukia mtaani. Kufikia Ijumaa mteremko ule ulishapata kikundi cha kupanda miti, na kikundi kilishapata kiingilio. Kinyozi alitoa. Mwenye nyumba alitoa mara mbili, ya pili kwa jina la marehemu mama yake, ili mgao ukija apate wa watu wawili. Mama muuza mkaa alisita.

"Baba, mimi nitaingiaje? Ile miti ya zamani si ndiyo mimi niliyeimaliza?"

"Mama, wewe ndiye mwenye uzoefu!"

Viingilio vikazaa suti ya kijivu, mhuri, na barua tamu kwenda ofisi ya wafadhili: kikundi kimepanda miti mia tatu, kinaomba malipo. Malipo yakitoka, yeye na basi la asubuhi.

Jibu lilikuja fupi. "Tutafika Jumanne kuiona."

Mkurugenzi aliisoma barua mara tatu. Duniani kuna watu hawaamini wenzao, inasikitisha.

Chini kabisa ya mteremko alikuwepo binti muuza miche, mtu wa maneno machache na macho mengi. Mvua za mwaka uliopita zilimshushia tope, likazoa kitalu chote. Alianza upya kwa vifuko vya maziwa alivyookota sokoni, mche mmoja mmoja.

"Dada, nataka kukodi miche mia tatu. Siku moja tu. Kodi yako nakupa wafadhili wakishalipa."

"Kukodi? Kama viti vya harusi?"

"Kama viti vya harusi! Tunaifukia na vifuko vyake hivyo hivyo, wageni wanatazama, wakiondoka tunaing'oa, nakurudishia. Yenyewe haitajua kama ilitoka nyumbani."

Binti alimtazama kwa muda mrefu, kisha akautazama mteremko kwa muda mrefu zaidi. "Kufukia nitafukia mwenyewe na dada zangu. Nyie mtanivunjia. Ila acha kitambulisho."

Kitambulisho! Katika kazi yake yote, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kisicho cha uongo. Jina lililoandikwa mle hata mkewe hakulijua. Alikitoa polepole kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumanne mteremko ulikuwa umevaa kijani. Mgeni, mama mrefu mwenye kofia pana, alifika na afisa mwenye fomu. Akapanda, akainama, akashika mche na kuuvuta. Mkurugenzi alifumba macho akisubiri kifuko cha maziwa kichomoze. Hakikuchomoza. Mgeni akafukua kwa kidole: udongo, mizizi, udongo tena.

"Safi sana," afisa alisema. "Kuna wengine hutupandia na plastiki."

"Watu hawana haya!" Mkurugenzi alicheka kuliko wote. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kama vifuko havimo... "Na malipo, mheshimiwa?"

"Yapo. Kila mti utakaokuwa hai baada ya miaka mitatu utalipiwa, moja kwa moja kwa kikundi. Imebaki kumwandika msimamizi. Nani anamwagilia?"

Wanakikundi wakatazamana.

"Huyu hapa," alisema binti kwa sauti ndogo, akimwonyesha Mkurugenzi na kutoa kitambulisho chake. "Hata hiki kanikabidhi nimtunzie."

Afisa alilisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, huku akiandika. Kikundi kizima kiligeuka.

"Kumbe ndiwe unaitwa hivyo!" mama muuza mkaa alishangaa. "Jina zuri tu. Ulikuwa unalificha la nini?"

Wageni walipoondoka, Mkurugenzi alimvuta binti pembeni. "Dada, umenitapeli."

"Mimi? Nimekukodishia, kaka. Nirudishie miche yangu na vifuko vyake, uchukue kitambulisho chako."

"Vifuko viko wapi?"

"Nimeshaotesha miche mingine humo."

Mkurugenzi akageuka kuutazama mteremko, labda aing'oe. Mama muuza mkaa alikuwa ameketi katikati ya miche juu ya ndoo, koleo mapajani. "Gusa jani moja tu, baba. Moja." Na kuripoti kitambulisho kimepotea kulitaka kupita kituo cha polisi, jengo ambalo Mkurugenzi alikuwa akizunguka mitaa mitatu kulikwepa.

Kiangazi kilipofika, suti ya kijivu ilikuwa imekunjwa hadi magotini, na mwenye suti ana ndoo kila mkono. Mchana mmoja mbuzi wa mwenye nyumba alikata kamba akaupanda mteremko. Ndoo zikaanguka. Mkurugenzi alitimka akipiga kelele, viatu mkononi:

"Nani kafungulia mbuzi? Anakula mradi! Jamani, anakula mradi!"

Chini kule binti aliinua kichwa kutoka kwenye miche yake. Neno hilo, mradi, alikuwa amelisikia kinywani mwa mtu yule mara nyingi mno. Hii ilikuwa mara ya kwanza analisema akiwa na machozi.