Ncha ya Kidole Kidogo

Jumatatu, tarehe 29 mwezi wa saba, 2002

Nimedhulumiwa. Naandika hapa ili siku moja watu wajue.

Mimi Alphonse, mkataji wa sabuni, miaka sita katika kiwanda cha Mama Adeline, hapa Bunia. Ijumaa iliyopita mashine ya kukatia miche ya sabuni ilinikata kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Damu mpaka kwenye viatu! Roger wa mapipa alizima mashine, akanifunga kwa shati lake, kisha akazunguka kiwanda kizima akisimulia kwamba nililia. Sikulia. Mafuta ya mawese yaliniingia machoni.

Nakubali, Mama Adeline alinipeleka hospitali yeye mwenyewe. Nakubali pia kwamba mshahara unaendelea, na kwamba ameniahidi kazi ya kukaa kwenye kiti, kuandika masanduku yanayotoka. Sawa. Lakini leo amenijazia fomu ya ajali niipeleke kwenye biro, ofisi ya bima ya wafanyakazi. Nikaisoma njiani. Kifaransa safi, mwandiko mzuri. Inasema Alphonse amepoteza ncha ya kidole kidogo.

Ncha!

Mtu anaacha nyama yake ndani ya mashine ya watu, anaandikiwa ncha. Na Roger je? Mwaka jana aliteleza pamoja na pipa, akavunjika kifundo cha mguu. Hata tone la damu halikutoka. Leo analipwa kila miezi mitatu na ana baiskeli mpya yenye kengele. Anachechemea tu akipita mbele ya kiwanda, nina hakika. Sijampeleleza, lakini nina hakika.

Fomu sijaipeleka. Iko chini ya godoro.

Jumatano, tarehe 31

Nimesahihisha fomu. Sikufuta kitu, mimi si mwizi. Nimeongeza maneno matatu tu: "na mkono mzima." Mama Adeline aliandika kwa kalamu nyeusi, yangu ni ya buluu. Nani ataangalia rangi katika mji ambao watu wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia vita?

Sasa mkono unahitaji mazoezi. Nimeufunga kwa kitenge cha mke wangu Charlotte, ukaning'inia vizuri sana, kama samaki mkavu. Charlotte akaniambia nichote maji. Nikamwonyesha mkono. Akanipa bidoni ndogo ya maji kwa ajili ya mkono wa kuume.

Nikamweleza kwamba mishipa ya kidole inapanda mpaka begani, jambo linalojulikana.

"Baba Gentille," akasema, "mukono yako inakufaka tu wakati kuko kazi."

Miaka kumi na mitano ya ndoa! Binti yetu Gentille naye akacheka. Nyumba hii haina heshima kwa mgonjwa.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa nane

Siku ya aibu kwa biro, si kwangu.

Bwana Gérard, karani wa bima, alisoma fomu mara mbili. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza kama Mama Adeline ana kalamu mbili. Nikamjibu kwamba yeye ni mama tajiri.

Ndipo akanieleza sheria. Ncha ya kidole ni jambo dogo: angeniwekea sahihi palepale, angefungua droo, ningelipwa mara moja na kwenda zangu. Droo ilikuwa karibu na goti lake. Niliiona. Lakini mkono mzima, akasema, ni jambo kubwa. Unalipwa maisha yote, kwa hiyo kwanza unapimwa na daktari wa serikali. Akanirudishia fomu.

Nilitaka kusema basi, tuanze na ncha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikageuka, nikamwona nani kwenye foleni? Roger! Amekuja kuchukua malipo ya kifundo chake. Akanisalimia kwa sauti mbele ya watu wote, akauliza kama kile kidole kidogo kimepoa.

"Ni mkono," nikasema. "Mzima."

Hakuna aliyenionya kwamba sheria hulipa upesi wenye majeraha madogo na kuwachelewesha wenye maumivu makubwa. Nimerudi nyumbani mikono mitupu, mmoja ukiwa ndani ya kitenge.

Jumatatu, tarehe 5

Dokta Micheline ni mama mfupi asiyecheka. Akafungua kitenge, akaushika mkono, akachukua sindano. Akanichoma kwenye kiganja. Kiwiko. Bega. Nilitazama kalenda ya ukutani na kuhesabu siku za mwezi. Nilifika kumi na tisa. Machozi yalitoka yenyewe, nikasema ni vumbi la barabara.

"Ni kweli," akasema. "Huu mukono ulishakufa."

Furaha gani! Akilini nikamwona Roger akiuza baiskeli yake kwa wivu.

Dokta akachukua daftari. Akasema mkono uliokufa hauwezi kukaa na mtu aliye hai, utaoza na kumharibu. "Alhamisi, saa mbili asubuhi, tunaukata. Uje na blanketi. Usikule kitu."

Nikamwambia kwamba, kwa kufikiri vizuri, huenda mkono umeanza kupona. Akauliza tangu lini. Tangu sasa hivi, Dokta, nasikia kama wadudu wanatembea. Akaitikia kwa huruma: ndivyo unavyofanya kabla ya kuoza. Nikaomba anipe cheti kwanza, kukata tutaona. Akasema cheti hutoka baada ya mkono.

Nikiwa nje nikasikia wauguzi wakicheka nyuma ya pazia. Watu wanacheka magonjwa ya wenzao! Nchi imeharibika, si kwa bunduki tu.

Charlotte amesikiliza yote bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe. Kisha akauliza pete ya ndoa nitaivaa wapi.

Jumamosi, tarehe 10

Sijaandika kwa siku tano. Sikuwa na meza, wala nyumba.

Jumanne kulikuwa na milio ya risasi ya mbali, upande wa juu wa mji. Tukazoea, kama kawaida. Jumatano asubuhi ikawa mizinga, na watu wakaanza kupita mbele ya nyumba bila kusalimiana. Hapo ndipo Charlotte alipochukua sufuria, mimi godoro, Gentille mfuko wa nguo, tukashika njia ya misheni pamoja na mji mzima.

Karibu na soko, Roger alikuwa amekaa chini kando ya barabara. Baiskeli imeporwa. Amebaki na mguu wake tu. Watu wanamruka kama jiwe.

Nitaandika ukweli kwa sababu daftari ni langu: nilimpita. Hatua kumi, labda kumi na tano. Nikajiambia mwongo na ainuke sasa. Charlotte hakunifuata. Alisimama tu katikati ya barabara, watu wakimgonga, akanitazama.

Nikatupa godoro. Nikarudi. Roger akasema, "Alphonse, usinicheke." Nikapandisha suruali yake nione. Kifundo kilikuwa kimevimba kama boga, na hakipindi hata kidogo. Mfupa uliungana vibaya tangu mwaka jana. Kumbe haikuwa uongo! Na hilo pia limeniudhi. Mwaka mzima nimemchukia mtu huyu kwa sababu nzuri, na leo sababu imekwisha.

Nikambeba mgongoni, mikono yote miwili chini ya mapaja yake, karibu kilometa mbili. Ni mzito. Anakula vizuri. Risasi zinapita na yeye ananielekeza sikioni: shika kushoto, angalia shimo, shika kushoto. Nikamwambia nikishika kushoto mara moja zaidi nitamwacha huko kushoto.

Na langoni mwa misheni ni akina nani wamesimama? Mama Adeline. Bwana Gérard wa bima, pamoja na mke wake. Nusu ya kiwanda. Dunia nzima ilimwona Alphonse akiingia na mwanamume mzima juu ya mkono uliokufa.

Madarasa ya shule ya misheni yalijaa majeruhi. Dokta Micheline alikuwa anatoka darasa moja kuingia jingine. Akaniona nikimshusha Roger. Akasema tu, "Weye wa mukono ya kukatwa, kamata hapa." Nikakamata. Siku mbili nimebeba machela. Alhamisi, saa mbili asubuhi, saa yangu ya kukatwa, kulikuwa na mama mmoja aliyepigwa risasi ya paja. Hakukuwa na dawa ya usingizi. Alinishika mkono wa kushoto, akaubana mpaka Dokta alipomaliza. Niliusikia wote.

Ijumaa mizinga ilinyamaza, na leo tumerudi. Majirani zetu wa nyumba ya pili hawajarudi. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Nyumba imesimama. Godoro limepotea, na fomu niliiacha chini ya kitanda. Ipo. Waporaji wameiacha! Wamechukua hata chumvi, fomu yangu wameiacha.

Jumatano, tarehe 14

Mji una wakubwa wapya. Kiwanda hakikuchomwa, mashine ni nzito mno kuibwa. Nikaenda biro.

Bwana Gérard alikuwa anafagia vioo. Ameokoa makaratasi kadhaa kwa kuyavaa chini ya shati. Nikamwambia nimetafakari na sasa nakubali ncha, kwa ajili ya amani. Akanionyesha mahali pa droo. Shimo tu. Wamebeba droo nzima!

Yaani kuna mtu anatembea na bunduki na ncha yangu mfukoni. Nikauliza ni wakubwa gani watakaojibu kwa hilo. Bwana Gérard akaniomba niteremshe sauti, akafunga mlango.

Alikuwa mwema kuliko alivyopaswa. Hakutaja kalamu. Akachana fomu yangu vipande vinne, akasema karatasi ile ingenitia jela chini ya wakubwa wa zamani na wa sasa. Akanipa mpya. Jioni Mama Adeline akaijaza, akasema kwa kuwa biro haina kitu atanilipa mwenyewe, kwa masanduku ya sabuni, na kazi ya kiti ianze Jumatatu. Akaongeza kwamba mtu aliyembeba mwenzake vile hatakosa kazi kwake. Roger alikuwepo. Alitoa machozi. Bila mawese.

Na Dokta Micheline ametuma cheti. Nakinukuu: "Ncha ya kidole kidogo imepotea. Mikono yote miwili ina nguvu sana. Nimeiona ikifanya kazi." Kina muhuri na sahihi.

Sana! Nani alimwomba aandike sana? Nitaishi na nguvu hizo kwenye karatasi mpaka kufa.

Jumamosi, tarehe 17

Sabuni imefika. Roger aliisukuma mwenyewe kwenye mkokoteni mpaka mlangoni, akichechemea, akala kwetu. Charlotte anasema tumshukuru Mungu na tunyamaze.

Ningenyamaza. Lakini asubuhi nilimsaidia Bwana Gérard kupanga makaratasi yake, na likaanguka jedwali la malipo. Nikalisoma lote. Ncha: mara moja. Mkono: kila miezi mitatu. Lakini chini kabisa, mstari ambao hakuna mtu aliyewahi kuniambia! Mfanyakazi akifa kazini, mjane analipwa maisha yake yote.

Nimekuwa nikihangaika na vipande, wakati mtu mzima ndiye mwenye bei!

Mpango ni rahisi. Lazima niwe saa za kazi, kwa hiyo Jumatatu nitaingia kiwandani kama kawaida, nitakaa kwenye kiti changu kipya, nitaandika masanduku, na kabla ya saa sita nitakufa. Roger atashuhudia, namdai mgongo. Nitapumzika kwa shemeji yangu huko Mambasa, mji wa msituni, mpaka malipo ya kwanza yatoke, kisha nitarudi nikijiita mdogo wangu.

Kazi ya Charlotte ni kulia tu na kuweka sahihi. Nilitayarisha hoja saba za kumshawishi. Nilidhani atapiga kelele, atamtaja Mungu, atanitupia mwiko.

Sikumaliza hata hoja ya kwanza. Amekubali. Ameniuliza tu kama haiwezekani kufanya kesho.

Kesho ni Jumapili! Hakuna kazi! Mwanamke huyu hajali sheria kabisa.