Jua la Mama Mkwe

Jumamosi, 12 Oktoba

Mke wangu Saada kaondoka. Leo siku ya tatu. Yuko kwao Mtambile, mimi niko hapa Madungu na sufuria moja chafu. Na yote haya kwa sababu ya jua!

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma. Kibanda changu cha kutengeneza simu kinatazama mashariki. Asubuhi jua linaingia mpaka mezani, linanipiga usoni, hata skrubu siioni. Nikahitaji pazia. Ndani ya nyumba kulikuwa na mkeka, upana sawasawa na mlango wa kibanda, ila mrefu mno. Nikaukata. Ningejuaje kuwa ni ule wa harusi ya mpwa wake? Miezi mitatu ya kusuka ukili, anasema. Mimi nilitumia dakika mbili.

Leo Asya, dada yake, kanipigia simu. Kaleta masharti. Mama yao, Bi Mwatum, kateguka mguu, na karafuu zimeshachumwa. Anatakiwa mtu wa kuzianika, kuzigeuza na kuzilinda na mvua mpaka zikauke. Mtu huyo ni mimi. Zikitoka daraja la kwanza, Saada anarudi nyumbani. Zikiharibika zikawa mpeta, nimpelekee nguo zake zilizobaki.

Wiki nzima juani! Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya kwa ajili ya magoti na kukosa usingizi. Nesi akasema dawa yangu ni kutoka nje kila asubuhi, nipate jua, nitembee. Nikamwambia mimi ni fundi, si makopa ya kuanikwa. Hakucheka.

Nimefungasha. Kile kipande cha mkeka nimekitia chini kabisa ya begi. Huko shamba lazima nitahitaji kivuli. Saada hatakiona.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefika saa mbili. Uani majamvi manne, yamejaa karafuu mbichi. Saada kanisalimu kwa kichwa tu, akaingia jikoni. Bi Mwatum yuko barazani, mguu umefungwa kitambaa. Kwa kuwa mimi ni mkwewe, ananistahi. Hasemi nami uso kwa uso. Anasema na kuku wake mwenye kishungi, nami nisikie.

Kamwambia kuku kwamba karafuu hugeuzwa kila mara, hutandazwa nyembamba, na hazianikwi na mtu anayecheza na simu. Kuku kakubali.

Na nani yuko hapo tayari? Silima! Mume wa Asya, mwanyumba wangu, mvuvi wa Fundo. Alikuja kusaidia kuchuma, hajaondoka. Kavaa shati kuukuu la mikono mirefu, kilemba shingoni na chepeo la ukili pana kuliko sinia. Kaniuliza mbona nimekuja na fulana ya mikono mifupi. Fulana hii inanifanya nionekane kijana, na Saada yuko jikoni, dirisha wazi.

Silima akaanza kunisomesha. Tuanze kazi alfajiri, jua likiwa pole. Ikifika saa tano tukae kivulini, tuchungulie tu. Tunywe madafu. Alasiri turudi uani. Chepeo analo la pili, niazime. Eti baharini wanaishi hivyo miaka yote. Nimemshukuru, nikamwambia sisi wa mjini Chake hatuvai masusu ya vyombo kichwani.

Saa saba shingo inawaka. Saa nane masikio yanawaka. Sikujua kama masikio huungua! Silima yuko chini ya mfenesi, anakula dafu kwa kijiko cha kifuu. Namchukia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata wazo. Kinga ya asili! Wanawake wanajipaka liwa usoni wakitoka juani, na nyuso zao laini. Kwa nini wanaume tuungue? Ndani ya chumba cha Bi Mwatum kuna jiwe la kusagia na kipande cha liwa, ule mti wa kunukia. Nilisubiri aanze kuswali adhuhuri barazani. Nikasaga. Sikujua kiasi, nikasaga chote. Nikajipaka uso, shingo, masikio na mikono mpaka viwikoni. Kilichobaki nikajipaka miguuni, kisipotee bure.

Nikakaa kwenye majamvi, baridi, natulia. Wanawake saba wakaingia kumzuru mgonjwa.

Wa mbele alisimama. Akauliza kuna harusi hapa? Wa pili akauliza bibi harusi yuko wapi, maana huyu bwana kapakwa kabla yake. Mmoja akapiga kigelegele. Nikainama nikageuza karafuu kwa bidii sana. Bi Mwatum kamwambia kuku kwamba liwa ile ilikuwa imetunzwa tangu mwaka jana, kwa ajili ya mpwa wa Saada. Harusi ileile. Sasa nadaiwa mkeka na liwa.

Nimemwona Saada dirishani. Kajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika. Maskini, analia. Ananipenda bado.

Jumanne, 15 Oktoba

Asya kasema jana Saada alikuwa anacheka mpaka akashika ukuta.

Sijali. Liwa ni mambo ya kizamani. Mimi nimebuni yangu. Mafuta ya nazi kikombe kimoja, kulainisha. Ndimu mbili, kung'arisha. Na siri kubwa: mafuta ya makonyo! Makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, yamejaa huku, na Asya ana kichupa cha mafuta yake cha kuchulia viungo vya watoto wakipata baridi. Nilifikiri hivi: karafuu inakaa juani siku tano haiungui, inazidi kuwa nzuri tu. Basi mtu akijipaka karafuu, jua litamfanya nini? Nani alishawahi kulifikiria hili? Hakuna. Nimeshapata na jina: Kinga Asilia ya Abdulsamad. Nitauza Chake, nitauza Unguja, nitauza kwa watalii.

Asya hutia matone mawili. Nimetia kichupa kizima.

Saa nne nimejipaka. Saa nne na dakika tano nimekimbia uani mara tatu. Saa nne na dakika kumi nimeingiza kichwa kwenye pipa la maji. Kuku mwenye kishungi kapanda paa.

Uso umevimba. Silima kaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Nimesema ndiyo.

Alasiri Saada katoka jikoni na jani la shubiri. Kalipasua, kanipaka ule ute kwenye mashavu kwa kidole kimoja, taratibu. Baridi, raha. Nilitaka kumwambia nyumba haikaliki bila yeye, kwamba nala mkate mkavu nimesimama. Nikaogopa. Badala yake nikamwambia kuwa mchanganyiko unahitaji ndimu kidogo zaidi. Kaniangalia. Kaondoka na jani lake.

Jumatano, 16 Oktoba

Jambo la ajabu. Nimelala fofofo, siku ya tatu mfululizo. Mimi niliyekuwa nikigeuka kitandani mpaka adhana! Nimekula mihogo sahani tatu kwa samaki wa chumvi. Na magoti! Nimechutama na kuinuka mara ngapi leo kugeuza karafuu, hata hayakulia. Ni nini kama si mafuta yangu? Yameingia ndani ya damu. Nesi na jua lake atafute mwingine.

Silima kenda Fundo kwa siku moja. Bi Mwatum kalala ndani, Saada na Asya wako shambani mpaka jioni. Uwanja wangu.

Kilichonisumbua wiki nzima ni hiki: mtu anatafuta kivuli, karafuu ziko juani, lazima aziache afuate kivuli chake. Kazi mbili! Kumbe jamvi linavutika. Nikavuta moja, polepole, mpaka chini ya mfenesi. Nikavuta la pili. Saa sita yote manne yako kivulini pamoja nami. Nalinda nimelala! Nageuza kwa mguu! Kile kipande cha mkeka wa Saada nimekitungika kwenye tawi, upande ule jua linapopenya kwenye majani. Hakupenyi hata sindano. Kiangazi chote hiki watu wanahangaika, hawajui kufikiri.

Jioni kabla ya Saada kuja nikayarudisha yote uani, na mkeka nikaurudisha begini. Hakuna aliyejua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wamejua.

Nilivuta tena leo asubuhi walipotoka, saa sita nikawasikia Saada na Asya wanarudi, nikayarudisha yote uani. Saa saba Silima karudi, kashika karafuu kiganjani, kaivunja. Karafuu inayokauka vizuri hulia ta! Hii imepinda. Kanusa. Zina rangi ya maji ya udongo, na katikati ya jamvi la tatu kuna joto na harufu ya uchachu. Kaniuliza zilikuwa wapi jana na leo. Nilianza habari ya mawingu. Kanionyesha majani ya mfenesi ndani ya karafuu.

Bi Mwatum katoka akiruka kwa mguu mmoja, kashikilia mlango. Leo hakumtafuta kuku. Kaniangalia mimi mwenyewe, miaka tisa ya ukwe, mara ya kwanza. Kaniuliza: "Weye mwanangu, hivyo karafuu waanika wapi, kivulini?" Basi. Kaingia ndani. Ningependa angenitukana.

Saada alisimama mlangoni mwa jikoni. Hakulia, hakucheka. Kamwambia Asya kwa sauti ya kunifikia kwamba zile nguo zilizobaki Madungu nisijisumbue, atamtuma mtu.

Nimekaa chini, juani, kichwa wazi, sikuhisi kitu. Silima kaja, kakaa kando yangu. Kasema zikitandazwa nyembamba sasa hivi, zikageuzwa bila kuachiwa, na kesho na keshokutwa jua likawaka, jamvi la tatu tu ndilo limekwenda na maji. Mengine yatapona. Kavua chepeo lake, kanivisha yeye mwenyewe. Kanipa na shati. Linanuka samaki.

Nimegeuza mpaka magharibi. Chepeo lina upepo ndani yake. Sikutegemea.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimechoka, nitaandika kwa ufupi.

Nimeanza kabla jua halijachomoza. Saa nne karafuu zimeanza kubadilika, hudhurungi nzuri. Nikivunja zinalia. Kila ta! nasikia Saada anarudi. Saa sita na nusu nikatawadha, nikatoka kwenda Ijumaa na Silima. Bi Mwatum na binti zake wamebaki. Njiani nikaona kiwingu juu ya minazi. Silima kasema hicho kitapita. Nikapiga hatua tatu. Roho haikutulia. Nikamwambia anitangulie.

Nimekimbia na kanzu imeshikwa kwa meno! Nafika uani, tone la kwanza kwenye pua. Nikapiga kelele, Saada! Katoka mbio, kashika ncha ya jamvi, mimi ncha nyingine, tukaingiza la kwanza. La pili Asya katusaidia. La tatu limekwishaharibika, nikaliruka, nikarudi kwa la nne, mvua imekwishafika mfenesini, naiona inakuja. La nne limejaa, zito, Asya kamshika mama asitoke. Hatutawahi. Nikakimbilia begi, nikachomoa ule mkeka, nikautupa juu ya karafuu, nikalala juu yake na kanzu yangu nyeupe. Sikufikiri.

Mvua imepiga kama robo saa. Nilipoinua kichwa, Saada kalala upande wa pili wa jamvi, mikono kaitandaza. Kaona mkeka. Kaona mahali nilipokata, nyuzi zinaning'inia. Nikafumba macho.

Kaniuliza kama nimeubeba huu tangu Madungu. Nikasema ndiyo. Kaniuliza wa nini. Nikasema kivuli. Halafu akacheka, maji yanamtiririka puani, akacheka mpaka kalala chali juu ya tope. Nami nikacheka. Nikamwambia, sijui ilivyonitoka, kwamba nyumba haikaliki bila yeye. Kasema anajua, kasikia habari za sufuria.

Chini ya mkeka karafuu kavu. Ijumaa yenyewe imenipita, nimeswali adhuhuri na kanzu ya tope.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jua la Jumamosi na Jumapili, kamili. Nilivaa chepeo siku zote mbili, saa za mchana nikakaa kivulini mimi peke yangu, karafuu juani. Leo zimepelekwa kituo cha kuuzia karafuu. Majamvi matatu daraja la kwanza! Lile la tatu mpeta. Niliwaza Saada atalihesabu. Kamuuliza mama yake. Bi Mwatum kamwambia kuku kwamba matatu kwa manne ni mengi. Kuku kafumba jicho moja.

Tumerudi Madungu wote wawili. Nimeosha sufuria.

Jumapili, 10 Novemba

Mwezi mzuri. Silali tena na mawazo, magoti hayalii, hata Shadya jirani kaniuliza nimefanya nini, nimenawiri. Saada ananitoa nje kila asubuhi kabla ya chai, natembea mpaka barabara kuu na kurudi. Anasema ni jua la asubuhi na miguu. Namwacha aseme. Mimi najua ni Kinga Asilia. Nilipojipaka ile siku moja tu, angalia faida! Nimeshakamua ndimu ishirini. Safari hii vichupa viwili vya makonyo, maana kosa la kwanza ilikuwa kutia kidogo.

Chepeo la Silima nimelitundika ukutani. Linaharibu nywele.

Saada kamaliza nusu ya mkeka mpya wa harusi. Mzuri, rangi ya zambarau na kijani. Ila asubuhi jua bado linaingia kibandani mpaka mezani, na lile pazia la zamani limelowa na kuoza. Jana kautandika huu mpya barazani kuunyoosha. Nimeupima kwa hatua. Upana, Mungu ana mambo yake, ni sawasawa na mlango.

Mkasi nimeuazima kwa Shadya. Nimemwambia wa kupunguza ndevu.