Sauti ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mama amekataa chakula tena. Amekaa kwenye kiti chake sebuleni, uso umeelekea televisheni iliyozimwa. Kwamba imezimwa haimsumbui, macho yake yalishafunga kazi tangu mwaka jana. Anachotaka ni sauti. Anamtaka Kaka.

Niweke wazi, maana shajara nzuri haimwachi mtu njiani. Kaka alikuwa mtangazaji wa mpira kwenye chaneli ya setilaiti. Mechi ikianza, unabonyeza rimoti kuchagua lugha. Ukichagua Kiswahili, unampata yeye. Mwezi uliopita moyo wake ulisimama kwenye ngazi za studio, akipanda kwenda kazini. Tumemzika. Tulichobaki nacho ni diski moja nyeusi yenye mechi zake zote, kwa sababu Mama alikuwa hakubali hata moja ipite bila kurekodiwa. Wakati wa msiba umeme ulikatika, ukarudi kwa fujo, king'amuzi kikaungua. Kwenye kompyuta rekodi zinafunguka vizuri, ila anayesikika ni Mwingereza.

Shemeji, mume wa Dada, fundi friji, akatoa wazo kwamba diski ipelekwe kwa mtu anayejua. Nikamwambia mtu anayejua ameketi mbele yake. Kila rekodi ni kama mfuko: ndani kuna picha na sauti kadhaa. Unatoa picha, unatoa sauti unayoitaka, takataka unatupa. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Swali la mtu asiye na heshima. Nimeisoma leo asubuhi, yote.

Mama akasema, "Mpeni afanye." Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu jana.

Hapa naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Chumba cha Kaka kina dirisha la barabarani. Mimi nalala chumba cha uani, pamoja na mapipa ya maji na baiskeli isiyo na magurudumu. Mtoto anayemrudishia mama yake sauti ya marehemu hawezi kuachwa alale na mapipa. Wenyewe wataona aibu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata programu. Ya bure, nzuri sana. Unaipa rekodi, inakupangia vilivyomo: picha, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila kimoja kina kisanduku chake. Unachotaka kibaki, unakitia tiki.

Majina ya lugha hayapo, ni vifupisho visivyosomeka. Nikatumia akili. Kwenye rimoti ilikuwa Kiingereza, Kiarabu, Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili ni ya tatu. Nikaisikiliza mwanzoni: kelele za uwanjani, safi kabisa, watu wanaimba, firimbi kwa mbali. Kaka hakuwa na haraka ya kuanza kusema, wote tunamjua. Nikaridhika.

Tatizo moja: diski imejaa pomoni. Kazi mpya itakaa wapi? Programu imelifikiria hilo. Kuna kisanduku kinasema futa rekodi ya awali kila moja inapokamilika. Nikakitia tiki.

Shemeji akapita na kikombe chake cha chai. Akasema afadhali kwanza anunue diski nyingine, tunakili kila kitu, halafu ndiyo niguse. Nikamwambia huo ni woga wa watu wa friji, wamezoea kugandisha vitu. Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Nimeziweka mechi zote kwenye foleni. Nimebonyeza Anza. Nikaenda kupima dirisha la chumba cha Kaka kwa ajili ya pazia.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imekwisha. Diski imepata nafasi, inapumua. Nikafunga mlango ili nionje kwanza mwenyewe kabla ya kumwita Mama.

Mpira ukaanza. Kelele. Nikangoja. Mshambuliaji akapita kulia, akapiga, mwamba. Uwanja mzima ukaguna. Kaka kimya. Nikasema labda alikuwa anakunywa maji. Bao likaingia. Watu wakalipuka, wachezaji wakaangukiana, na hakuna aliyesema neno. Hakuna.

Nikafungua mechi nyingine. Na nyingine. Ile ya fainali, ambayo alilia hewani. Zote hivyohivyo. Sauti ya tatu haikuwa Kiswahili. Ilikuwa ya uwanja mtupu, ile wanayoweka kwa ajili ya nchi zenye watangazaji wao. Kiswahili kilikuwa kwenye mojawapo ya zile nyingine. Zile nyingine zote nimezifuta.

Nimekaa hapa tangu mchana. Nimemtoa Kaka kwenye mechi zake zote, na kazi yenyewe ni safi. Hukuti hata pumzi.

Mama akagonga kwa fimbo yake kuuliza imefikia wapi. Nikamjibu kwamba sasa hivi naisafisha sauti.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna programu nyingine, ya kufukua vilivyofutwa. Imefukua tangu asubuhi. Mechi mpya zimekaa juu ya zile za zamani kama nyumba juu ya kaburi, kwa hiyo kilichotoka ni vipandevipande. Kikohozi. Neno "kona". Nusu ya jina la mchezaji. Mara moja, wazi kabisa, "Kaeni hapo", halafu mkwaruzo.

Hilo lilikuwa neno lake. Kila mara kabla ya kona au penalti alikuwa akisema, "Kaeni hapohapo." Na Mama, kwenye kiti chake, alikuwa akimjibu televisheni, "Tumekaa." Hata wageni wakiwepo.

Nilitoka kwenda kumwambia kila kitu. Naapa nilitoka. Nikamkuta mezani. Dada alikuwa amemwambia kwamba mechi ziko tayari, bado kusafisha tu, na Mama anakula. Taratibu, akipapasa sahani kwa vidole. Alimaliza nusu. Dada alinishika bega, akasema hajaona hivyo tangu mazishi.

Nikarudi chumbani. Kumwambia ukweli mtu anayekula ni ukatili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga simu kwenye chaneli. Nilijitambulisha kama mwandishi wa habari, nikaongeza uzito kwenye sauti. Dada wa mapokezi akanisikiliza kwa adabu. Alisema mechi wanazo, lakini wanahifadhi picha na sauti ya kigeni tu. Sauti za watangazaji wa lugha nyingine hazihifadhiwi, zinakwenda hewani na kwisha. Nikauliza hata moja. Akasema hata moja, na kwamba yeye mwenyewe ameuliza, kwa sababu koti la Kaka bado liko kwenye kiti chake na hakuna mtu aliyejitolea kuliondoa.

Halafu akaniuliza kama mimi ni ndugu yake. Eti nazungumza kama yeye.

Nilikata simu. Lakini neno hilo likabaki.

Nazungumza kama yeye.

Jumatano, 12 Machi

Mpango mkubwa kuliko yote. Sijui kwa nini sikuufikiria mapema. Picha ninazo. Kelele za uwanja ninazo, safi. Kilichokosekana ni Kaka tu, na mimi na Kaka tumetoka tumbo moja. Utotoni watu walikuwa wakituchanganya kwenye simu. Shangazi alituchanganya hadi alipofariki, ingawa yeye hata Dada alikuwa akimwita kwa jina langu.

Nimejifungia kwenye kabati la nguo la Kaka, blanketi kichwani ili sauti isirudi, kompyuta magotini. Nimechagua mechi moja, ile ya fainali. Nimetangaza kipindi cha kwanza chote. Nimejitahidi kuiga pumzi zake, ile tabia yake ya kurefusha majina, kicheko chake cha puani. Mashati yake yalikuwa yananigusa shingoni. Nilipofika kwenye kona ya kwanza nikasema, "Kaeni hapohapo," na sikuweza kuendelea kwa muda. Vumbi. Kabati halijafutwa vumbi tangu msiba.

Bao la pili nililipigia kelele kwa nguvu zote. Mshona nguo wa jirani akaja mbio kumuuliza Dada nani anapigwa.

Nilipofungua kabati, Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono mdomoni, machozi yanamtoka. Akasema amemsikia. Amemsikia Kaka wakati yeye anapita na nguo za kuanika. Sikumsahihisha. Ushahidi gani mwingine mtu anautaka? Dada ni mtu makini, amesoma hadi chuo.

Nimemwomba anisaidie kupanga siku. Jumamosi alasiri. Nimemdokeza pia kuhusu chumba chenye dirisha. Alikuwa akilia bado, kwa hiyo akakubali.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike haraka.

Walikuja wote. Dada, Shemeji, mshona nguo na mkewe, binamu wawili wa upande wa baba ambao hawaji isipokuwa kuna kitu cha kula. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Dada alimpaka mafuta na kumsuka. Nilimsogezea kiti hadi karibu na spika, nikatoa hotuba fupi juu ya ugumu wa kazi yenyewe. Shemeji alikuwa akitazama sakafu.

Nikawasha. Uwanja ukajaa sebuleni. Halafu mimi. Yaani Kaka. Mke wa mshona nguo akaguna, akashika kifua. Binamu mmoja akatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya chini kwamba yule bwana alikuwa na kipaji. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameinamisha sikio, mikono imetulia mapajani. Nikajua nimeshinda.

Ikaja kona. "Kaeni hapohapo," ikasema spika.

Watu wote waligeuka kumtazama Mama, kwa mazoea. Hakujibu. Nikadhani hajasikia. Mpira ukapigwa, ukatoka nje, ikawa kona nyingine. "Kaeni hapohapo." Mama vilevile. Dada aliacha kulia. Nilimwona akinigeukia polepole, na uso wake sitaki kuuandika.

Mama akasema nizime. Halafu akawaomba wageni radhi, amechoka. Wakatoka mmojammoja, wakiviacha vikombe bila kumaliza. Shemeji akamtoa Dada kwa kumshika kiwiko.

Tulibaki wawili. Nilianza kueleza kuhusu sauti kusafishwa, na kwamba usafishaji hubadilisha kidogo.

"Nimezaa wavulana wawili," Mama akasema. "Unadhani nisipoona siwajui nani ni nani?"

Nikaivuta kompyuta magotini.

"Yake iko wapi?"

Nikamwambia. Nilijaribu kueleza kuhusu visanduku, na kwamba rimoti ndiyo iliyonidanganya, lakini alinyoosha mkono nikaacha. Hakulia. Aliuliza kama imebaki hata moja. Nikasema kikohozi. Na nusu ya neno. Akasema nimwekee. Nikamwekea. Akaomba tena. Nikamwekea tena. Alitabasamu kwenye kikohozi, akasema alikuwa akimwambia kila siku aache kunywa maji baridi kabla ya kazi.

Kisha akaniuliza ile niliyoifanya kwanza, yenye watu tu, bado ipo? Nikasema ipo, zote zipo. "Weka hiyo," akasema. "Maneno nitayatia mwenyewe."

Jumapili, 16 Machi

Mama anasikiliza mechi zisizo na mtangazaji. Tangu asubuhi. Uwanja unaimba, unaguna, unalipuka, na yeye midomo yake inacheza. Mara kwa mara anasema, "Tumekaa." Sijui anasikia nini pale. Nilisimama mlangoni, nikataka kuingia, nikashindwa kujua nikae kiti gani.

Chakula amekirudisha hakijaguswa.

Dada hazungumzi nami. Shemeji amekuja chumba cha uani, akasimama kati ya mapipa, akasema maneno machache. Hakunitukana. Alisema amefunga chumba cha Kaka na ufunguo anao yeye, na kwamba nisiguse tena kitu chochote chenye waya mpaka aniambie. Kusema kweli alikuwa amefadhaika. Nimemsamehe.

Jumanne, 18 Machi

Habari njema, na kubwa.

Dada amekuta simu ya zamani ya Kaka kwenye mfuko wa koti. Watu wa studio hatimaye wamelileta. Kioo kimepasuka, lakini inawaka, na ndani yake mna ujumbe wa sauti aliokuwa akimrekodia Mama akiwa safarini. Mwingine hakuwahi kuutuma. Dada alikaa chini jikoni alipouona. Mama ameambiwa. Ameomba chai, na ameinywa.

Shemeji amesema simu isiguswe na mtu. Kesho ataipeleka mwenyewe kwa fundi simu, wanakili kila kitu kwanza. Kunakili kwanza! Mtu huyu ana wimbo mmoja tu. Ameiweka juu ya kabati la vyombo, akaenda kazini.

Nimefikiri kwa utulivu. Fundi simu ni mtu wa nje. Atasikiliza mambo ya familia yetu akitafuna. Na Mama angojee hadi kesho, katika hali ile? Kosa la safari iliyopita lilikuwa rimoti, na hapa hakuna rimoti.

Ninayo hapa. Ujumbe nauona, umepangwa vizuri, jina la Mama kwenye kila mmoja. Nikiugusa haufunguki. Simu inasema nafasi imejaa, inashauri kusafisha kwanza. Hilo nalijua vizuri, nina uzoefu. Imeniletea orodha ndefu ya vitu vikubwa visivyotumika, herufi ndogo mno chini ya kioo kilichopasuka, na ikauliza kama nina uhakika.

Nimebonyeza Ndiyo. Mstari wa kijani unakwenda vizuri sana, tayari umepita nusu.

Nimemwita Mama aje akae karibu.