Sifi Mpaka Nukta Asimame

Rwamgasa, Jumatatu, 1 Machi 1982

Daktari wa Geita kasema moyo wangu umechakaa. Hakutaja siku. Naandika ili watakaonizika waujue ukweli wote, maana Nyamizi, mke wangu, atawasimulia nusu tu, ile inayonichongea.

Alhamisi punda wetu wa kubebea maji alizaa. Mtoto ana kimo cha mbuzi, mguu mmoja wa mbele umekunjika kama mundu. Ijumaa akaja Maige, bwana mifugo, mwanafunzi wangu wa zamani. Akamlaza mtoto juu ya mkeka, akachana ngozi, akakata ukano uliokuwa ukiuvuta mguu, akashona. Kisha akaunyoosha na kuufunga hogo, ile plasta nyeupe inayokauka ikawa jiwe. Masharti: hogo lisilowe, mtoto anyanyuliwe kunyonya, na mwisho wa wiki hii Maige aje kulitoa. Mtoto wa punda hukua upesi. Hogo likichelewa, mguu utabanwa mpaka uoze.

Nimempa jina Nukta. Nimeapa kwamba sifi mpaka asimame.

Jioni akaja Zamoyoni, muuza chai, Mzaramo, mtani wangu. Hakuuliza hali. Alinitazama kichwani hadi miguuni, akasema jeneza langu halitakula mbao nyingi, Msukuma mwenyewe nimebaki mifupa na maneno. Halafu akatangaza: siku ya msiba anamchukua Nukta kwa haki ya utani, na jogoo wa kumkomboa hampokei. Anataka punda wa kubeba kuni za mgahawa. Mtani akichukua kitu msibani, nani wa kumzuia?

Jumatano, 3 Machi

Mvua. Banda linavuja. Nukta nimemhamishia chumbani, hogo nimelivika mfuko wa nailoni. Nyamizi kauliza namchagua nani, yeye au punda. Nilichelewa kidogo kujibu. Amehamia jikoni na godoro lake.

Sasa nani wa kumnyanyua Nukta anyonye? Mikono yangu hainyanyui hata Biblia. Nikabuni. Khanga mbili za Nyamizi, kamba, boriti ya paa: mbeleko ya kumning'iniza mtoto, mama yake akiwa ameletwa hapo hapo chumbani. Kazi safi. Sikuwafikiria mchwa. Boriti ilikatika ikaja na bati moja. Nukta aliniangukia tumboni, salama, akanyonya akiwa pale pale, mimi nikiwa godoro. Nyamizi alichungulia mlangoni. Akaniuliza, Baba Limi, walikusomesha miaka yote ile kwa ajili ya hili?

Jumamosi, 6 Machi

Maige hakuja. Dereva wa lori la chumvi kaleta salamu zake: pikipiki imekauka, na petroli ya ofisi haitolewi kwa ajili ya punda mmoja. Juu ya hogo mguu umeanza kuvimba. Nimejaribu kulikata kwa mkasi wa Nyamizi. Mkasi umekufa, hogo halina hata mkwaruzo.

Nikafikiri. Kwa punda haitolewi. Je, kwa mwalimu anayekata roho? Nikamtuma dereva yule yule: amwambie Maige kwamba Mwalimu Jilala yu mahututi na anaomba kumuaga. Ni Kwaresima, najua. Lakini ni uongo nusu. Daktari mwenyewe yuko upande wangu.

Jumapili, 7 Machi

Yule dereva ana mdomo. Habari ilifika kanisani kabla ya kufika Geita. Baada ya misa ua ukajaa. Akina mama wamekuja na mizigo ya kuni. Kwaya inajifunza wimbo wa maziko chini ya dirisha langu, na sauti ya tatu wanakosea. Wachimbaji wameyaacha maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, wakaanza kunichimbia kaburi nyuma ya migomba, eti mvua isiwawahi. Kisha wakagombana, maana mmoja kaona jiwe lenye rangi ya dhahabu.

Padre akaja na mafuta matakatifu. Niliungama yote isipokuwa lililokuwa uvunguni. Lililokuwa uvunguni likalia. Padre akaniinamia, akaniuliza kwa upole kama ndiyo maumivu ya mwisho. Nikasema ndiyo, Padre.

Ndipo akaingia Zamoyoni. Kajipaka unga usoni, kavaa koti langu la kufundishia, anakohoa kama mimi. Waliokuwa wakilia wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila kunyamaza hakukujua, na hata sasa anapumua kwa ubishi tu. Kisha akainama, akamvuta Nukta, akamtia mabegani, akatoka.

Nilisahau kwamba nakufa. Nilitoka na shuka. Nikavuka shamba la mihogo, nyuma yangu wimbo wa maziko ukakatika katikati ya ubeti. Barabarani Zamoyoni alikuwa amesimamisha pikipiki. Ya Maige! Akamtua Nukta miguuni pake, akamwambia mgonjwa ndiye huyu, yule anayekuja mbio na shuka ni mzima.

Maige akalikata hogo pale pale kwa msumeno mdogo. Mimi nilijibwaga mtaroni, pumzi hakuna. Zamoyoni akaja akanishika kichwa. Akaniambia nisithubutu kufa leo, unga wote ameshaumaliza.

Nukta akasimama. Miguu minne, kama meza kwenye sakafu mbovu. Akapiga hatua zake za kwanza duniani. Kuelekea kwa Zamoyoni.

Maige akanipima kifua kwa chombo cha kusikilizia ng'ombe. Akasema punda atapona. Kisha akaenda kunywa chai kwa Zamoyoni.

Jumapili, 14 Machi

Nukta anakimbia, anachechemea kidogo tu. Nyamizi amerudi chumbani. Akina mama wamekataa kuzichukua kuni zao, wamesema zitafaa tu. Kaburi langu limekuwa duara rasmi, kuna foleni. Padre amenipa kitubio: nisiseme tena kwamba nakufa mpaka nife kweli. Nimekubali kwa moyo wote, huo uliochakaa.

Zamoyoni, baada ya kelele zote, amepokea jogoo wa kumkomboa Nukta. Jogoo ni wa Nyamizi. Hajajua. Yuko nje anamwita.

Tatizo moja. Ukwato wa mguu ule unaota upande, na lazima Maige aje auchonge kabla haujamrudisha Nukta chini. Petroli bado hakuna. Mimi kufa siwezi, nimeahidi mbele ya Padre. Kwa hiyo asubuhi nimemtuma dereva wa lori la chumvi amwambie Maige kwamba Zamoyoni, muuza chai, yu mahututi.

Nami ni mtani wake. Nimeanza kuliangalia birika lake kubwa.